Ugumu Si wa Namna Moja: Busby, Ferguson na Malezi ya Wachezaji Wenye Vipaji

Katika mchezo wa kandanda, mwalimu hapati taabu kubwa kwa mchezaji asiyejua; huyo hufundishwa akajua, au hushindwa akaachwa. Taabu humjia kwa yule ajuaye kuliko wenziwe wote, naye hataki kwenda kwa mwendo wao. Akiondolewa, timu hupungukiwa nguvu. Akiachiwa afanye apendavyo, kanuni hulegea na wenziwe hunung'unika. Watu wamezoea kumwita mchezaji wa namna hii mgumu, na wakisha kumpa jina hilo hubishana juu ya dawa yake: wengine husema ukali, wengine upole.

Historia ya klabu ya Manchester United ya Uingereza yafaa kutazamwa juu ya jambo hili, kwa sababu klabu hiyo iliongozwa kwa miaka mingi na mameneja wawili mashuhuri, Matt Busby na Alex Ferguson, na kila mmoja wao alijaribiwa na wachezaji wa aina hiyo. Busby alikuwa mkali kwa baadhi yao na mpole kwa mwingine. Ferguson vile vile. Ukali ulifaa mahali pamoja ukadhuru mahali pengine, na upole kadhalika. Habari zao zikipimwa kwa makini, huonekana kwamba neno "mgumu" hufunika maradhi mengi mbali mbali, na kwamba mwalimu alifaulu alipoyatambua maradhi yenyewe, akashindwa alipotibu jina.

Busby alizaliwa mwaka wa 1909 karibu na mji wa Bellshill huko Uskoti, miongoni mwa watu wa migodi ya makaa ya mawe. Baba yake aliuawa vitani mwaka wa 1917, na yeye mwenyewe aliwahi kufanya kazi mgodini kabla ya kuwa mchezaji wa Manchester City na baadaye Liverpool. Aliposhika umeneja wa Manchester United mwaka wa 1945, uwanja wa Old Trafford ulikuwa magofu kwa mabomu ya Wajerumani, na klabu ilikuwa na madeni. Siku zile meneja aghalabu alikuwa mtu wa ofisini, na wakurugenzi walikuwa na sauti kubwa katika kuchagua timu. Busby alitaka mamlaka hayo yawe yake, akapewa. Kisha akavaa nguo za mazoezi akatoka uwanjani pamoja na wachezaji. Aliyetaka kutiiwa nao alikubali kwanza kutoka jasho pamoja nao.

Katika miaka ya mwanzo hakumbembeleza mtu. Timu yake ilitwaa Kombe la FA mwaka wa 1948 kwa kuifunga Blackpool mabao 4 kwa 2. Mmoja wa washindi wale, Johnny Morris, alikuwa mshambuliaji hodari na mwepesi wa majibu. Alipogombana na meneja aliuzwa kwa Derby County mwezi wa Machi 1949 kwa pauni 24,500, bei ambayo ilikuwa haijapata kulipwa Uingereza kwa mchezaji yeyote. Mwenziwe, winga Charlie Mitten, alikwenda Bogotá nchini Kolombia mwaka wa 1950 kwa mshahara mnono, ambao klabu za Uingereza hazikuweza kuutoa kwa kuwa zilifungwa na kanuni ya kikomo cha mishahara. Aliporudi mwaka uliofuata alitozwa faini, akafungiwa miezi sita, na Busby hakumrudisha katika timu. Aliuzwa kwa Fulham. Kwa macho ya leo, mtu anayetaka ujira unaolingana na kazi yake haonekani kuwa na kosa kubwa. Lakini kwa meneja aliyekuwa akijenga nyumba mpya, Morris na Mitten walikuwa sawa: wote wawili waliigusa mamlaka yake, na wote wawili waliondoka.

Baadaye Busby alitafuta njia ya kuepukana na ugomvi wa namna ile, nayo ni njia ya wahenga: samaki mkunje angali mbichi. Yeye na msaidizi wake Jimmy Murphy walikusanya vijana wadogo kutoka sehemu nyingi, wakawaweka katika nyumba za akina mama waliochaguliwa na klabu, wakawafundisha tangu wangali wavulana. Timu ya vijana hao ilishinda Kombe la Vijana la FA miaka mitano mfululizo, tangu 1953 hadi 1957, na waliokomaa miongoni mwao walitwaa ubingwa wa ligi mwaka wa 1956 na 1957. Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyowachukua kutoka safari ya Belgrade ilianguka ilipokuwa ikijaribu kuruka Munich. Watu 23 walikufa, na katika hao wachezaji wanane. Busby aliumia vibaya hata akakaribia kufa. Alirudi kazini na kuanza upya. Lakini si rahisi kuamini kwamba mtu aliyepoteza vijana wanane aliowalea angeweza kumtazama kijana mwingine kwa macho yale yale ya zamani.

Kijana huyo mwingine alikuja mwaka wa 1961. George Best, mzaliwa wa Belfast, alikuwa na umri wa miaka 15, mwembamba kiasi cha kukataliwa na wengine waliodhani kwamba mwili wake hautaistahimili kandanda ya wakubwa. Bob Bishop, aliyekuwa akiitafutia klabu vipaji huko Ailandi ya Kaskazini, alikiona kilichokuwa ndani ya mwili ule akapeleka habari Manchester. Best alifika pamoja na mvulana mwenziwe, na baada ya siku chache kabisa wote wawili walishikwa na hamu ya nyumbani wakarudi Belfast. Meneja mwenye kiburi angaliona kwamba amedharauliwa. Busby alizungumza na baba wa kijana, hakulaumu wala hakutisha, na Best akarejea. Hapa Busby aliyatambua maradhi: yalikuwa upweke wa mtoto, na dawa ya upweke ni kuitwa tena kwa wema.

Matunda yalionekana mapema. Tarehe 14 Septemba 1963 Best alicheza mara ya kwanza katika timu ya wakubwa, naye ana miaka 17. Klabu ilipata ubingwa mwaka wa 1965 na tena 1967. Mwezi wa Machi 1966 timu ilikwenda Lisbon kupambana na Benfica katika Kombe la Ulaya. Inasimuliwa kwamba Busby aliwaagiza wachezaji wajihadhari katika dakika 20 za mwanzo mpaka mchezo utulie. Kabla dakika hizo hazijatimia, Best alikuwa amekwisha kufunga mabao mawili, na mwisho wake Manchester United ilishinda kwa mabao 5 kwa 1. Magazeti ya Ureno yalimfananisha na vijana wa bendi ya Beatles, na tangu siku ile hakuwa tena mchezaji peke yake. Alikuwa sura ya kuuzia nguo, mlo na magazeti. Tena alikuwa amejifunza kwamba agizo la mwalimu lingeweza kuvunjwa, na mvunjaji akashangiliwa na mwalimu mwenyewe.

Katika kiangazi cha mwaka huo huo Busby alionyesha kwamba ukali wake wa zamani haujafa. Denis Law, mshambuliaji wa Kiskoti aliyependwa mno Old Trafford, aliomba masharti bora ya mkataba, na kama hayapati aruhusiwe kuondoka. Busby alimweka hadharani katika orodha ya wachezaji wanaouzwa, na Law akaomba radhi akabaki. Ikiwa basi Law alifinywa kama Morris na Mitten, kwa nini Best hakufinywa? Jibu moja ni kwamba Law alikuwa mtu mzima, na Best bado alionekana mtoto wa nyumbani. Jibu la pili ni chungu zaidi: Best alikuwa akifunga. Msimu wa 1967 na 1968 alipata mabao 28 katika ligi, na tarehe 29 Mei 1968, mjini London, alifunga bao la pili katika muda wa nyongeza Manchester United ilipoishinda Benfica mabao 4 kwa 1 na kuwa klabu ya kwanza ya Uingereza kutwaa Kombe la Ulaya. Mwaka huo alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Ulaya. Alikuwa na miaka 22.

Kwa Busby kikombe kile kilikuwa mwisho wa safari iliyopita Munich. Kwa Best kilikuwa mwanzo tu, naye alitazamia vingine. Wazee wa timu walikuwa wakichoka, na meneja aliacha kazi ya kila siku mwaka wa 1969, akamwachia Wilf McGuinness, kijana wa miaka 31 ambaye baadhi ya wachezaji walikuwa wenziwe wa jana. Best alianza kukosa mazoezi na kunywa kupita kiasi. Mwanzoni mwa mwaka wa 1970 alifungiwa wiki nne kwa kumpiga refa mikono na kuuangusha mpira aliokuwa ameushika. Aliporudi, tarehe 7 Februari, alifunga mabao sita katika mchezo mmoja wa Kombe la FA dhidi ya Northampton Town, matokeo 8 kwa 2. Uwanja mzima ulifurahi. Lakini mtu aulize, kijana yule alifundishwa nini siku ile? Alifundishwa kwamba mabao hufuta deni lolote. Wahenga walisema kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu; na upole wa klabu kwa Best ulikuwa umegeuka kuwa busu la namna hiyo.

Mwezi wa Januari 1971, Busby akiwa amerudi kushika timu kwa muda, Best alikosa gari moshi la kwenda London kucheza na Chelsea, akafungiwa na klabu wiki mbili. Mwaka mmoja baadaye, chini ya Frank O'Farrell, alitoweka mazoezini karibu wiki nzima. Alitozwa faini akaamriwa aihame nyumba yake mwenyewe arudi katika nyumba ya upangaji alikolelewa tangu ujana. Alikuwa na miaka 25. Amri hiyo yaonyesha vizuri jinsi klabu ilivyoshikwa na bumbuazi: dawa iliyomfaa mtoto mwenye upweke ilipewa mtu mzima mwenye ulevi. Best mwenyewe alisimulia katika siku za baadaye kwamba alipokuwa akiaswa na Busby ofisini alikuwa akihesabu michoro ya karatasi ya ukutani. Mchezo wake wa mwisho kwa klabu ile ulichezwa tarehe 1 Januari 1974, naye ana miaka 27. Alikuwa amecheza mara 470 na kufunga mabao 179. Mwisho wa msimu ule klabu ilishuka daraja.

Haifai kumtwika Busby mzigo wote. Ulevi ni maradhi, na mama wa Best naye alikuwa mlevi kabla ya kufa mwaka wa 1978. Zama zile klabu za kandanda hazikuwa na mganga wa maradhi ya namna hiyo, wala hazikuyahesabu kuwa maradhi; mchezaji mlevi aliitwa mhuni. Lililo la haki kusemwa ni kwamba Busby alimjua Best kama mtoto aliye mbali na kwao, na alipokua akawa kitu kingine, mwalimu aliendelea kusema na yule mtoto.

Miaka mingi ilipita klabu isipate tena ubingwa. Mwezi wa Novemba 1986 iliajiri Alex Ferguson, mzaliwa wa Govan, mtaa wa viwanda vya meli katika Glasgow, aliyekuwa ameipatia Aberdeen ubingwa wa Uskoti mara tatu na kikombe cha Ulaya cha mwaka wa 1983. Alikuwa na sifa ya hasira. Alikuta Old Trafford timu yenye wachezaji waliozoea kunywa, na miongoni mwao beki Paul McGrath, mtu wa Ailandi aliyelelewa katika nyumba za watoto yatima, mpole wa tabia, hodari mno uwanjani, mwenye magoti mabovu na kiu isiyokatika. Ferguson alimwonya, akamtoza faini, akamkaripia, halikufaa neno. Mwezi wa Agosti 1989 alimuuza kwa Aston Villa.

Meneja wa Villa, Graham Taylor, alimpokea mtu yule yule mwenye magoti yale yale na kiu ile ile. Haikudaiwa kwamba McGrath afanye mazoezi kama wenziwe. Alipewa nafasi ya kupumzisha magoti, akawekewa watu wa kumwangalia, na alipoanguka hakufichuliwa mbele ya umma. Kiu haikuisha, na si kweli kusema kwamba Villa walimponya. Lakini mchezaji aliyedhaniwa kuwa amekwisha alicheza huko miaka saba, wachezaji wenziwe wa Uingereza wakamchagua kuwa bora wao mwaka wa 1993, na mwezi wa Juni 1994 alikuwa nguzo ya ulinzi Ailandi ilipoifunga Italia bao 1 kwa 0 katika Kombe la Dunia huko Marekani. Ukali wa Ferguson ulikuwa umefanya kama upole wa Busby: ulisema na jina, haukusema na mtu.

Hata hivyo Ferguson alikuwa mwanafunzi mzuri wa historia ya nyumba aliyoirithi. Ryan Giggs alipocheza mara ya kwanza mwezi wa Machi 1991, winga wa miaka 17 mwenye mbio na chenga, magazeti yalimpa mara moja jina la Best mpya. Ferguson alimkataza kuzungumza na waandishi kwa muda mrefu, akaangalia marafiki zake na shughuli zake za biashara, na aliposikia kwamba kijana huyo yumo katika karamu ya usiku nyumbani kwa mchezaji mwenziwe, alikwenda mwenyewe akaivunja. Giggs aliichezea klabu hadi mwaka wa 2014, mara 963. Hapa ukali ulifaa, kwa maana ugumu wenyewe ulikuwa ujana tu, na ujana huhitaji ua unaouzunguka mpaka upite.

Mtihani mkubwa ulikuwa Eric Cantona. Mfaransa huyu, mzaliwa wa Marseille mwaka wa 1966, alikuwa amepita katika klabu nyingi za kwao na kuacha ugomvi karibu katika kila moja. Alimtukana hadharani mwalimu wa timu ya taifa mwaka wa 1988 akafungiwa. Mwezi wa Desemba 1991, akiichezea Nîmes, alimrushia refa mpira, na alipoitwa barazani akawaita wajumbe wajinga, mmoja mmoja. Adhabu ilipozidishwa alitangaza kwamba ameacha mchezo. Alishawishiwa kwenda Uingereza, akashinda ubingwa pamoja na Leeds United mwaka wa 1992, na mwezi wa Novemba mwaka huo Ferguson alimnunua kwa pauni zipatazo milioni 1.2. Wengi waliona kwamba amenunua moto akautia ndani ya nyumba yake.

Ferguson alimsoma kwa namna nyingine. Aliona mtu asiye mlevi wa kupindukia, asiye mvivu, ambaye mazoezi yakiisha hubaki uwanjani kuufanyia kazi mguso wake wa mpira, hata vijana wa klabu wakaanza kubaki pamoja naye. Kilichomsumbua Cantona kilikuwa heshima: hakuvumilia kuaibishwa mbele ya watu. Kwa hiyo meneja aliyejulikana kwa kuwakemea wachezaji uso kwa uso alimwondolea huyu kemeo hilo, akazungumza naye faraghani mara kwa mara. Wachezaji wengine waliliona jambo hilo, na baadhi yao wamelisimulia kwa utani. Lakini hawakulionea wivu mkubwa, kwa sababu Cantona alilipa kwa kazi mbele ya macho yao. Klabu ilitwaa ubingwa mwaka wa 1993, wa kwanza tangu 1967, na mwaka wa 1994 ikautwaa tena pamoja na Kombe la FA.

Tarehe 25 Januari 1995, katika uwanja wa Crystal Palace, Cantona alitolewa nje kwa kumpiga teke mpinzani. Alipokuwa akitoka, mtazamaji mmoja alimtukana, naye akaruka kizuizi akampiga teke. Klabu ilimfungia yenyewe mpaka mwisho wa msimu na kumtoza faini ya pauni 20,000. Chama cha Kandanda kilirefusha adhabu hadi tarehe 30 Septemba. Mahakama ilimhukumu kifungo cha wiki mbili, ambacho baada ya rufani kiligeuzwa kuwa saa 120 za kufundisha watoto mpira. Ubingwa wa msimu ule ulipotea kwa tofauti ya pointi moja. Mwezi wa Agosti, Chama kilipohoji mchezo wa mazoezi aliocheza faraghani, Cantona alichoka akaenda zake Paris, na wengi walidhani kwamba safari yake Uingereza imekwisha.

Ferguson alimfuata Paris akala naye chakula cha usiku akazungumza naye mpaka akakubali kurudi. Mtu aliyefuatwa siku ile alikuwa hajafunga bao lolote kwa zaidi ya miezi sita, na alikuwa amekwisha kuigharimu klabu kikombe. Tena hakusamehewa adhabu yake hata siku moja, aliitumikia yote. Adhabu ilibaki, na mtu hakuachwa. Katika habari za Best mambo hayo mawili yalikuwa yakifukuzana, likija moja jingine huondoka. Hapa yalikaa pamoja.

Cantona alirudi tarehe 1 Oktoba 1995 dhidi ya Liverpool, akafunga kwa penalti katika sare ya 2 kwa 2. Timu ilikuwa imejaa vijana, nao walimtazama yeye. Msimu ule walitwaa ubingwa, na tarehe 11 Mei 1996, akiwa nahodha katika fainali ya Kombe la FA, alifunga bao la pekee dakika chache kabla ya mwisho. Mwezi wa Mei 1997, baada ya ubingwa mwingine, aliacha mchezo kwa hiari yake akiwa na miaka 30, na safari hii hakuna aliyeweza kumrudisha.

Mtu akitaka kuzitumia habari hizi kumtukuza Ferguson juu ya Busby, amkumbuke McGrath. Na akitaka kusema kwamba upole hushinda ukali, amkumbuke Best; akisema ukali hushinda, amkumbuke Cantona. Hakuna kipimo kimoja kilichowafaa wote. Upweke wa mvulana wa Belfast, madai ya ujira ya Mitten, ujana wa Giggs, kiu ya McGrath na kiburi cha Cantona viliitwa kwa jina moja, lakini havikuwa kitu kimoja. Kiburi hutaka kuheshimiwa, ujana hutaka ua, dai la haki hutaka kusikilizwa, na ulevi hutaka tabibu. Mwalimu mmoja aweza kuwa hodari wa kutambua kimoja katika hivyo na kipofu wa kingine, na hilo si aibu yake. Aibu ni kudhani kwamba dawa iliyomfaa jana itamfaa kila ajaye.

Busby alikuwapo Old Trafford mwezi wa Mei 1993 kuuona ubingwa uliosubiriwa miaka 26, akafa mwezi wa Januari 1994. Best alifariki tarehe 25 Novemba 2005 akiwa na miaka 59, baada ya kubadilishiwa ini na kurudia kunywa. Vikombe alivyoshinda vingali kabatini, na wageni huonyeshwa. Hesabu ya mwalimu haikomi katika vikombe hivyo. Huingia ndani yake pia yale maisha marefu ambayo mchezaji huenda kuyaishi baada ya uwanja, naye yu peke yake.